Taarifa: Mzee Mbugua Yuko

Mzee Mbugua alifariki Jumanne asubuhi, akiwa Loresho, akipanda ua wa kayaba katika boma la mteja. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Simu yake ilikuwa imezima kwa kukosa chaji, na mtu anayepanda kayaba hana nafasi ya kuhangaikia simu, maana miiba yake haina adabu.

Walioarifiwa ni wengine. Meseji ya kwanza ilisema, "Tunawajulisha kwamba Mzee Mbugua amelazwa hospitalini. Tumwombee." Kabla watu hawajaimaliza, ya pili ikaingia. "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha Mzee Mbugua. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Wanachama wote wa Chama cha Kufaana cha Waithaka walizipata kwa mpigo. Wengi walikubaliana kwamba ugonjwa wenyewe ulikuwa mfupi.

Kiragu naye alizipata. Alikuwa Ngara, kwenye meza aliyokodi nyuma ya duka la Ramila la vipuri vya cherehani, ambako alizoea kuketi akiandika programu za kompyuta. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Alijifunza kwa kuvunja programu za watu na kuzirudisha zilivyokuwa, polepole, kama mtu anayejifunza saa. Alizisoma meseji zile mara mbili, kisha akaisukuma kompyuta kando, kwa sababu ambazo zilimjia kwa mpangilio, maana hata hofu yake ilikuwa na utaratibu. Mzee Mbugua alikuwa babake Shiru, na Shiru ndiye msichana ambaye Kiragu alitaka kumwoa. Jumamosi ya wiki hiyo wazee wa kina Kiragu walikuwa waende kwa Mzee Mbugua kwa ruracio, siku ya familia mbili kuketi na kupatana mahari, na ruracio haipelekwi kwenye nyumba yenye msiba. Halafu kulikuwa na hili la mwisho: programu iliyotuma meseji hizo aliiandika yeye.

Simu ikalia. Alikuwa Shiru.

"Kiragu, baba amekufa?"

"Nani amekwambia?"

"Chama."

"Chama ni programu yangu."

Shiru alikuwa mwalimu wa chekechea, na nyuma yake watoto walikuwa wakiimba wimbo wa siku za wiki.

"Kwa hivyo ni wewe umemuua?"

"Bado sijui. Nipe nafasi nichunguze."

"Wachana na kuchunguza! Simu yake haishikiki, na mama ameanza kulia. Kuna mtu amemwona?"

Kiragu alikusanya vitu vyake. Ramila, aliyekuwa akimhesabia mteja sindano, alimtazama juu ya miwani.

"Wewe, unaenda wapi na kazi yangu haijaisha?"

"Baba mkwe amekufa, Mama."

"Haiya! Pole sana. Amekufa na nini?"

"Programu ndiyo imesema. Pengine hajafa."

"Programu gani? Yako?" Ramila akarudi kwenye sindano zake. "Basi yuko. Ile yangu ilisema sina uzi mweusi, na mimi nimekalia katoni ya uzi mweusi. Enda pole pole."

Alipofika Waithaka, bomani kwa Mzee Mbugua, hema lilikuwa limeshasimama. Hilo lilikuwa jambo la Were, mtunza mali ya chama: hema, viti na masufuria. Programu ilipotangaza kifo ilimwandikia Were meseji yake ya peke yake, "Simamisha hema," pamoja na jina la boma. Were hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alikuwa akijisifu kwamba katika chama chote hakuna marehemu aliyewahi kungojea viti. Mama Shiru alikuwa ameketi kati ya wanawake, leso kichwani. Chai ilikuwa inachemka. Mchungaji alikuwa amefika katikati ya sala.

Pikipiki ikasimama langoni. Mzee Mbugua akashuka, matope hadi magotini, jembe begani. Alilitazama hema. Akatazama watu, ambao wote walikuwa wamefumba macho. Mtu pekee aliyekuwa amesimama wima macho wazi alikuwa Were.

"Ni nani amekufa?" Mzee Mbugua akauliza kwa sauti ya chini, asikatize sala.

Were alifikiri.

"Ni wewe, Mzee."

Mzee Mbugua akatembeza macho kwenye safu za viti.

"Mmeleta viti vichache," akasema.

Mkewe alisikia sauti hiyo akapiga yowe ambalo lilimaliza sala kabla ya Amina. Alipohakikisha kwamba alichoshika ni mkono wenye joto, alianza kumgombeza kuhusu chaji ya simu, akaendelea nayo mpaka chai ikagawiwa. Chai yenyewe haikumwagwa, ilikuwa imeshapikwa. Mzee Mbugua alichomeka simu yake ukutani, na ilipowaka zikaingia zote: ya kwamba amelazwa, ya kwamba amefariki, kisha rambirambi. Aliketi akazisoma moja moja, bila haraka, kama anayetafuta jina fulani. Hakuna aliyejua kama alilipata.

Kiragu alikuwa amesimama kando ya nguzo ya hema. Mzee Mbugua alipofika kwenye meseji ya mwisho aliinua macho.

"Kiragu."

"Naam, Baba."

"Hii kitu ni yako?"

"Ni yangu, Baba."

"Jumamosi sijui," akasema Mzee Mbugua, akaenda kunawa miguu.

Kesho yake kamati ya chama ilikutana kwenye chumba chao nyuma ya posho mill, mashine ya kusaga unga, na kabla ya saa ya chai ilikuwa imeshampata mkosaji. Alikuwa Waceke, katibu, mwanamke mwenye umri wa kuheshimika ambaye ndiye peke yake aliyeitumia kompyuta ile.

"Mimi sikugusa kifo," alisema Waceke. "Baba Shiru alinunua laini mpya. Nikafungua fomu yake, nikabadilisha namba ya simu, nikahifadhi. Basi."

"Sasa kifo kilijigusa?" akauliza mwenyekiti.

"Muulize mwenye kukitengeneza."

Wote wakamgeukia Kiragu. Kiragu hakusema nani mkweli, kwa sababu hakuwa amejua bado. Alifungua nakala ya programu ambayo haikuunganishwa na simu ya mtu yeyote, akamvutia Waceke kiti.

"Mama, nionyeshe vile ulifanya. Kila kitu. Hata kama ulikohoa."

Waceke akavaa miwani. Akafungua fomu ya Mzee Mbugua. Fomu ilikuwa ndefu kuliko kioo cha kompyuta: jina, namba, boma, hali ya mwanachama, mrithi, na chini kabisa, kusikoonekana, kitufe cha kuhifadhi. Akaandika namba. Akakibofya kisanduku cha hali kuhakikisha kimeandikwa "Hai", kwa sababu alikuwa mtu makini. Kisha akazungusha kigurudumu cha kipanya kwa kidole ili fomu ishuke.

Fomu haikushuka. Kilichosogea ni kisanduku. Kilisema Hai. Kikasema Amelazwa. Kikasema Marehemu.

"Ngoja," akasema Kiragu. "Rudia."

Waceke akarudia. Mzee Mbugua akalazwa tena, akafa tena. Mwenyekiti aliyekuwa ameinama nyuma yao alivua kofia bila kujua.

"Mama Waceke hakukosea," Kiragu akasema. "Alizungusha kigurudumu kama kila mtu anavyozungusha. Kosa liko kwangu, kwa mahali nilipokifunga kifo."

Akawaeleza, na alieleza taratibu, kwa kuwa naye alikuwa akijieleza. Kwenye programu ya namna ile, kila kitu kilicho kwenye fomu kinaweza kupaza sauti: kitufe kikibonyezwa kinasema nimebonyezwa, kisanduku kikibadilika kinasema nimebadilika. Hayo huitwa matukio. Kazi ya mwandishi ni kuweka mwitikiaji, kipande cha maagizo kinachosikia tukio na kufanya jambo. Miaka ile walipompa kazi, mwanachama mmoja alikuwa amezikwa na nusu ya chama hawakupata habari ila baada ya mazishi. Kamati ikasema, mtu akifa, isichukue hata dakika. Basi akaweka mwitikiaji mmoja mrefu pale pale kwenye kisanduku. Kikisema nimebadilika, mwitikiaji anatuma meseji, anamwita Were na hema, na kama ni marehemu anaifunga fomu kwa kufuli ili mtu asije akabadilisha jina la mrithi. Hakuuliza kilibadilishwa na nani. Hakungoja kihifadhiwe.

"Kisanduku kinajua tu kwamba maandishi yake yamebadilika," akasema. "Hakijui mtu. Mimi nilikipa kazi ya daktari."

"Sawa, tumeelewa," akasema mwenyekiti, ambaye hakuwa ameelewa. "Mrudishe."

"Harudi. Fomu imefungwa."

"Ifungue."

"Sikuweka njia ya kuifungua. Sikudhani kuna mtu atarudi."

Kamati ilitafakari jambo hilo. Wengi wao walikuwa wazee wa kanisa, na lilikuwa na sura mbaya.

Jioni ile Kiragu alienda kwa Mzee Mbugua kuomba radhi. Lango lilikuwa wazi. Kupitia hapo alimwona mzee akinyunyizia maji miche iliyokuwa kwenye mikebe, mgongo umemgeukia.

"Hodi," Kiragu akaita.

Mzee Mbugua akaendelea kunyunyizia.

"Hodi, Baba."

Maji yakaendelea. Mzee hakuwa na shida ya masikio. Mbwa wa jirani alipobweka aligeuka. Kiragu angeweza kuingia. Lango lilikuwa wazi na hatua zenyewe zilikuwa chache. Alisimama hapo mpaka mikebe yote ikapata maji, kisha mzee akaingia ndani na kufunga mlango, na Kiragu akarudi alikotoka.

Alikuwa ameshapita kanisa alipotambua kwamba mzee, kwa kunyamaza, alikuwa amemwonyesha fomu ilivyopaswa kupangwa. Hodi haifungui mlango. Hodi ni taarifa tu kwamba kuna mtu. Wa ndani ndiye anayesikia, anayeuliza ni nani, anayeamua, na akishasema karibu ndipo mengine yanafuata: mwingine analeta kiti, mwingine anaweka maji ya chai, na hakuna hata mmoja wao anayekimbilia kazi yake kwa kusikia lango likilia. Yeye alikuwa amewapa wote masikio langoni.

Alhamisi alikaa Ngara akaibomoa kazi yake. Kwanza akakizuia kisanduku kisisikie kigurudumu. Kisha akakinyang'anya kila kitu kilichobaki. Sasa kikibadilika kilipiga hodi kwa fomu, basi. Fomu nayo haikufanya lolote hadi ihifadhiwe, na hata hapo iliuliza watu wawili, katibu kwa kubofya na ndugu mmoja wa familia kwa kujibu meseji. Wote wawili wakisema ndiyo, fomu ilipaza tukio lake yenyewe, ambalo Kiragu alilitunga na kulipa jina: KifoKimethibitishwa. Tukio hilo ndilo lililosikilizwa. Mwitikiaji wa meseji alikuwa na chumba chake, wa hema chake, wa kufuli chake, na hakuna aliyeingia chumba cha mwenzake.

Halafu akaongeza tukio la pili, la kinyume, lenye wasikilizaji wale wale, kila mmoja akitengua alichofanya. Aliona ni haki. Kila aliyeambiwa habari ya kifo sharti aambiwe na hii.

"Umemaliza kumfufua?" Ramila akauliza, akipita na katoni.

"Bado jina."

"Jina gani? Si ana jina lake?"

Lakini Ijumaa kamati ilikwama hapo hapo kwenye jina, yaani maneno ya meseji ya tukio la pili. Mwenyekiti alipendekeza "amefufuka", wazee wa kanisa wakasema hilo neno lina mwenyewe. "Amerudi" lilikataliwa kwa sababu lingewatisha watoto. "Hajafa" lilionekana kama linaongeza "bado". Waceke, aliyekuwa amenyamaza tangu Jumatano, alisema mwishowe, "Andikeni yuko." Giza lilikuwa linaingia. Wakaandika yuko. Waceke akabofya, kwa kidole kimoja, bila kugusa kigurudumu, na meseji ya kuulizia ikaenda kwa ndugu aliyeandikwa kwenye fomu ya Mzee Mbugua. Ndugu huyo alikuwa binti yake wa kwanza, Shiru.

Jibu halikuja usiku ule. Kiragu alidhani ni mtandao.

Jumamosi wazee wa kina Kiragu walienda hivyo hivyo, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasiende. Msemaji wao alikuwa Mungai, baba mdogo wa Kiragu, mtu aliyeipenda sauti yake. Nyuma yake wanawake walikuwa na vikapu migongoni na nyimbo tayari. Lango lilikuwa limefungwa, kama desturi inavyotaka. Kupitia nafasi za mbao waliona hema lile lile la Jumanne; Were hakuwa ameambiwa alibomoe. Chini yake walikuwa wameketi wazee wa upande wa pili, na katikati yao Mzee Mbugua, amevaa koti.

"Hodi wenye nyumba!" Mungai akanguruma.

"Mwenye nyumba ni marehemu," Mzee Mbugua akajibu kutoka kitini. "Iko kwenye simu zenu."

Nyimbo zilikufa vikapuni. Mungai, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usemaji, alimgeukia kijana amsaidie. Kiragu akasogea langoni.

"Baba, taarifa ya kwamba uko imeandikwa. Inangoja mtu mmoja wa familia aseme ndiyo kwa simu."

"Nani?"

"Shiru."

Wanawake wa ndani walicheka. Shangazi mmoja akanyanyua beseni la plastiki juu ya kichwa ili wa nje walione. Lilikuwa limejaa simu.

"Tulizichukua jana jioni," akasema. "Nyinyi vijana mna ujanja. Msichana anafunikwa leso pamoja na wenzake ili umtafute mwenyewe, naye anakuandikia, mimi ndiye wa tatu kutoka mlangoni."

"Basi atoke ajibu," akasema Mungai.

"Hatoki wageni hawajaingia!"

"Na wageni?" Mzee Mbugua akauliza.

"Hawaingii mpaka mwenye nyumba awakaribishe, Baba," akasema Kiragu.

"Na mwenye nyumba?"

"Anamngoja Shiru."

Wote waliizunguka habari hiyo vichwani, wakajikuta mahali walipoanzia. Kiragu aliijua hali hiyo. Alishaiona kwenye mashine, vitu vitatu vikingojeana kwa heshima mpaka kioo kinaganda, na dawa yake kwa kawaida ilikuwa kuchomoa umeme.

Mungai akamnong'oneza, na mnong'ono wa Mungai ulifika barabarani. "Si uko na laptopu kwenye gari? Fungua hiyo kitu ndani kwa ndani, umwandike yuko hai, twende tukakule!"

Mzee Mbugua akainuka. Alikuja hadi langoni, akasimama upande wake wa mbao.

"Unaweza kufanya hivyo?"

"Naweza, Baba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kuna mlango wa nyuma. Mwenye kuandika programu haukosi."

"Mbona hupitii?"

Kiragu aliona kwamba Jumamosi yake yote, na miaka iliyokuwa nyuma ya Jumamosi hiyo, ilikuwa imekaa juu ya jibu hili, na hakuwa na jibu zuri zaidi ya lile la kweli.

"Ulikufa bila mtu kuulizwa, Baba. Sitaki uwe hai hivyo hivyo."

"Na nisipokubali?"

"Tutasimama hapa."

"Jua ni kali."

"Ni kali, Baba."

Mzee Mbugua alimtazama kati ya mbao mbili. Kisha akaenda kwa shangazi, akatia mkono kwenye beseni, akatafuta hadi akapata simu yenye kifuniko cha maua, akaingia nayo chumba ambamo wasichana walikuwa wamefunikwa leso. Wa nje walisikia sauti zao kupitia dirishani.

"Baba, umeingia huku kufanya nini?"

"Wanauliza kama niko."

"Niwajibu nini?"

"Mimi nitajuaje? Andika unachokiona."

Halafu simu zikalia: kwenye koti la Mzee Mbugua aliyekuwa akitoka mlangoni, chini ya hema, ndani ya beseni, kwenye vikapu vya wanawake waliosimama nje, kwa majirani walioegemea ukuta. "Tunawajulisha kwamba Mzee Mbugua yuko." Waceke, aliyekuwa kati ya wageni wa ndani, aliisoma kwa sauti ingawa kila mtu alikuwa nayo, na watu wakapiga makofi, wengine wakimtazama mzee kuhakikisha.

Simu ya Were ililia peke yake, nyuma kidogo ya nyingine. Were akaisoma. Akaiweka mfukoni, akaenda kwenye pembe ya hema, akaanza kufungua kamba.

Turubai likalegea juu ya kofia za wazee.

"Were," akasema Mzee Mbugua. "Wacha."

"Nimeandikiwa nibomoe hema, Mzee." Were akahamia kamba ya pili. "Imesema uko."

Mzee mmoja akashika nguzo. Mwingine akashika sahani yake. Mzee Mbugua aliwatazama, akamtazama Were, ambaye hakuwa mtu wa kuuliza maswali, kisha akatembea kwa haraka kuliko alivyokuwa ametembea wiki nzima, akalitoa komeo la lango na kulisukuma wazi.

"Karibuni," akasema. "Karibuni nyote. Kiragu, pita mbele, ukazungumze na huyu mtu wako wa hema."